Dhamana ya ziada ya gari lililotumika

Dhamana ya ziada ya gari lililotumika (huitwa pia waranti ya ziada au mkataba wa huduma ya gari) ni mkataba ambao mwenye gari hulipa fedha ili kampuni igharamie matengenezo ya hitilafu fulani za mitambo, kwa muda au umbali uliowekwa, baada ya dhamana ya kiwandani kumalizika. Mikataba ya aina hii imeenea hasa nchini Marekani, ambako huuzwa pamoja na magari mapya na yaliyotumika.

Swali la kununua au kutonunua dhamana hiyo huwapata sana wanunuzi wa SUV kubwa zilizotumika, kama vile Chevrolet Tahoe, Chevrolet Suburban, Ford Expedition, Toyota Sequoia na Nissan Armada. Bei ya magari hayo hushuka kadiri yanavyozeeka, lakini gharama ya kuyatengeneza haishuki pamoja nayo. Giaboksi ya gari la miaka 8 inaweza kugharimu sawa na ya gari la miaka 3, ingawa gari lenyewe limepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kwa mtu aliyenunua kwa mkopo, hitilafu moja kubwa inaweza kuliacha gari limeegeshwa huku marejesho ya benki yakiendelea kila mwezi.

Manufaa ya dhamana ya ziada hutegemea mambo matatu: hali ya gari siku linaponunuliwa, maneno yaliyoandikwa katika mkataba, na uwezo wa kampuni inayoahidi kulipa.

## Maana na tofauti na dhamana nyingine

Jina "dhamana ya ziada" limezoeleka katika matangazo, lakini katika sheria za Marekani mkataba huu si dhamana hasa. Dhamana ni ahadi inayokuja pamoja na bidhaa, na gharama yake imo ndani ya bei. Mkataba wa huduma una bei yake peke yake, na mnunuzi ana hiari ya kuukataa. Mtu anayenunua gari lililotumika huweza kukutana na aina hizi za kinga:

* Dhamana ya kiwandani hutolewa na mtengenezaji tangu siku gari lilipouzwa mara ya kwanza. Kwa magari yao ya kawaida ya petroli, Chevrolet, Ford, Toyota na Nissan zimekuwa zikitoa nchini Marekani miaka 3 au maili 36,000 (karibu kilomita 58,000) kwa sehemu nyingi za gari, na miaka 5 au maili 60,000 (karibu kilomita 97,000) kwa injini, giaboksi na sehemu zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Kikomo kinachofikiwa kwanza ndicho kinachomaliza dhamana. Dhamana hii hufuata gari, kwa hiyo mnunuzi wa pili hurithi muda uliobaki.
* Dhamana ya mfumo wa moshi imewekwa na sheria ya shirikisho. Kisafisha moshi kilicho kwenye eksozi na kompyuta ya injini hulindwa kwa miaka 8 au maili 80,000 (karibu kilomita 129,000).
* Gari lililothibitishwa na mtengenezaji ni gari lililotumika ambalo limekaguliwa na wakala wa mtengenezaji na kuongezewa dhamana. Katika mipango ya Toyota na Ford, kinga ya injini na giaboksi imekuwa ikifika miaka 7 au maili 100,000 (karibu kilomita 161,000) tangu gari lilipoanza kutumika.
* Dhamana isiyoandikwa hutokana na sheria za majimbo: kitu kilichouzwa na mfanyabiashara kinatakiwa kufaa kwa kazi yake ya kawaida. Katika majimbo mengi muuzaji wa magari yaliyotumika anaweza kuiondoa kwa kutangaza kwamba gari linauzwa kama lilivyo.
* Bima ya gari hulipa ajali, wizi au madhara kwa watu wengine. Hailipi injini iliyochoka.
* Wito wa kurudisha magari hutolewa pale kasoro ya kiwandani inapohatarisha usalama. Mtengenezaji hutengeneza bure, hata kama dhamana imekwisha, mradi gari halijapita miaka 15 tangu kuuzwa mara ya kwanza.

Kuzichanganya kinga hizi ni chanzo cha kawaida cha hasara. Mnunuzi huweza kulipia mkataba wa ziada kwa ajili ya sehemu ambayo bado iko chini ya dhamana ya kiwandani, au kwa kasoro ambayo mtengenezaji ameshaamriwa kuirekebisha bila malipo.

## SUV kubwa na gharama zake

Kwa desturi, SUV kubwa ya Kimarekani hujengwa juu ya chesisi ya pikapu. Huwa na safu tatu za viti, hubeba watu 7 hadi 9, na nyingi zinaweza kuvuta trela la zaidi ya tani 3. Chevrolet Suburban ilianza na modeli ya mwaka 1935, na jina lake ndilo lililodumu muda mrefu zaidi katika historia ya magari. Tahoe ilifuata katika modeli za mwaka 1995, Ford Expedition mwaka 1997 na Toyota Sequoia mwaka 2001.

Chesisi nene na injini kubwa huyapa magari haya sifa ya kudumu. Hata hivyo, modeli za miaka ya karibuni zina mitambo na vifaa vya umeme vingi kuliko za zamani, na kila kimoja kinaweza kuleta gharama:

* Injini. Tahoe na Suburban hutumia zaidi injini za V8. Tangu modeli za mwaka 2007 nyingi zina mfumo unaozima baadhi ya silinda gari linapokwenda bila kazi nzito, ili kuokoa petroli. Wamiliki wengi wamelalamikia kuharibika kwa tapeti katika mfumo huo, na kuzibadilisha kunahitaji kufungua sehemu kubwa ya injini. Ford Expedition imetumia injini ya V6 yenye turbo mbili tangu modeli ya mwaka 2015. Turbo huongeza nguvu, lakini pia huongeza sehemu zinazofanya kazi katika joto kali.
* Giaboksi. Giaboksi otomatiki ya gia 10, iliyobuniwa kwa ushirikiano wa Ford na General Motors, hutumika katika Expedition tangu modeli ya mwaka 2018 na katika Tahoe na Suburban za kizazi kilichoanza na modeli ya mwaka 2021. Kuifungua na kuitengeneza ni kazi ya fundi mwenye ujuzi na vifaa maalumu.
* Springi na shokabu. Modeli za bei ya juu huwa na springi za hewa au shokabu zinazoongozwa na kompyuta. Shokabu moja ya aina hiyo hugharimu mara kadhaa ya shokabu ya kawaida.
* Mfumo wa magurudumu manne. Kifaa cha kugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma huchakaa mapema ikiwa gari limevuta mizigo mizito au mafuta yake hayakubadilishwa.
* Umeme. Skrini, kamera, sensa, viti vya umeme, milango ya nyuma inayojifungua na kiyoyozi cha safu za nyuma vyote huongeza uwezekano wa hitilafu ndogo zenye bei kubwa.

Mfano wa karibuni ni wa Aprili 2025, General Motors ilipotoa wito wa kurudisha magari karibu 600,000 nchini Marekani yenye injini ya V8 ya lita 6.2, modeli za 2021 hadi 2024. Kati yake zilikuwemo Tahoe, Suburban, GMC Yukon na Cadillac Escalade. Kasoro katika krankishafti na sehemu zinazounganisha pistoni iliweza kuisimamisha injini gari likiwa barabarani. Matengenezo hayo hugharamiwa na mtengenezaji, kwa hiyo mnunuzi wa gari kama hilo anahitaji kwanza ushahidi kwamba kazi ya wito huo imefanyika, kabla hata ya kuzungumzia dhamana ya ziada.

## Sheria nchini Marekani

Sheria kuu ya shirikisho kuhusu dhamana ni Sheria ya Magnuson-Moss, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford Januari 1975. Inataka dhamana ya maandishi ieleweke kwa mnunuzi wa kawaida na kuonyesha wazi kilichomo na kisichomo. Pia inatenganisha dhamana na mkataba wa huduma.

Vipengele viwili vya sheria hiyo ni muhimu kwa mnunuzi wa gari lililotumika. Kwanza, mtengenezaji hawezi kuifuta dhamana kwa sababu tu mwenye gari alibadilisha oili katika gereji ya mtaani au alitumia vipuri vya kampuni nyingine. Ili kukataa kulipa anapaswa kuonyesha kwamba kazi hiyo au kipuri hicho ndicho kilichosababisha hitilafu. Pili, muuzaji anayeingia mwenyewe katika mkataba wa huduma na mnunuzi ndani ya siku 90 tangu mauzo hawezi kuondoa dhamana isiyoandikwa. Hivyo gari lililotangazwa kuuzwa kama lilivyo linaweza kupata tena kinga hiyo, mradi muuzaji mwenyewe ndiye mhusika katika mkataba. Kama yeye ni wakala tu anayeuza kwa niaba ya kampuni nyingine, hali huweza kuwa tofauti.

Tangu mwaka 1985 Tume ya Shirikisho ya Biashara (FTC) inawataka wafanyabiashara wa magari yaliyotumika kubandika karatasi ya maelezo kwenye kila gari wanaloliuza. Karatasi hiyo huonyesha kama gari lina dhamana au linauzwa kama lilivyo, ni asilimia ngapi ya gharama muuzaji atalipa, na kama mkataba wa huduma unapatikana. Yaliyoandikwa humo huwa sehemu ya mkataba wa mauzo. Kanuni hii haimhusu mtu binafsi anayeuza gari lake mwenyewe.

Mikataba yenyewe husimamiwa zaidi na majimbo, na taratibu hutofautiana. Katika California, kwa mfano, mkataba wa aina hii unaouzwa na mtu asiye mtengenezaji wala mfanyabiashara wa magari huhesabiwa kuwa bima na hufuata sheria za bima.

## Maelezo ya kiuchumi

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alichapisha makala mashuhuri kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba muuzaji huijua hali ya gari lake kuliko mnunuzi. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zuri na bovu hutoa bei ya wastani. Bei hiyo haimridhishi mwenye gari zuri, naye huliondoa sokoni, na mwishowe magari mabovu ndiyo yanayobaki kwa wingi. Akerlof aliitaja dhamana kuwa mojawapo ya njia za kupunguza tatizo hilo. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Nadharia hii inaeleza kwa nini dhamana inayotolewa na muuzaji bila malipo ya ziada ni habari yenye thamani: anayejua kuwa gari ni bovu haoni faida ya kuahidi kulitengeneza. Mkataba unaouzwa kwa bei yake hautoi ishara hiyo. Kampuni ya mkataba mara nyingi haijaliona gari, na hupanga bei kwa kuangalia modeli, umri na umbali lililotembea. Kwa kuwa wanaotarajia hitilafu ndio wanaovutwa zaidi kununua, kampuni hujilinda kwa kupandisha bei, kuweka muda wa kusubiri na kukataa hitilafu zilizokuwepo kabla ya mkataba.

## Ukaguzi kabla ya kununua

Mkataba wa huduma hauponyi gari lililonunuliwa likiwa bovu, kwa sababu karibu mikataba yote huondoa hitilafu za awali. Ukaguzi wa kabla ya mauzo una faida mbili: humwezesha mnunuzi kuliacha gari baya, na huacha maandishi yanayoonyesha kwamba hitilafu iliyotokea baadaye haikuwepo siku ya kununua.

Hatua za kawaida ni hizi:

1. Kuchunguza namba ya chesisi. Tangu modeli za mwaka 1981 kila gari linalouzwa Marekani lina namba ya tarakimu na herufi 17. Kwa namba hiyo mnunuzi huweza kupata historia ya ajali, mafuriko na umiliki, na kuangalia bure katika tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani (NHTSA) kama kuna wito wa kurudisha ambao haujafanyiwa kazi.
2. Kujua siku gari lilipoanza kutumika. Mwaka wa modeli hautoshi, kwa kuwa dhamana ya kiwandani huhesabiwa tangu siku ya mauzo ya kwanza. Wakala wa mtengenezaji anaweza kuieleza tarehe hiyo kwa kutumia namba ya chesisi.
3. Kumtumia fundi asiyehusiana na muuzaji. Gari huinuliwa ili kuangalia kutu kwenye chesisi, uvujaji wa oili na hali ya difu. Kutu ni jambo la kuzingatia katika majimbo ya kaskazini, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji.
4. Kusoma kompyuta ya gari. Magari mapya yote ya abiria Marekani yana tundu la kawaida la kupimia tangu mwaka 1996. Kifaa cha kupimia huonyesha hitilafu zilizohifadhiwa. Pia huonyesha kama majaribio ya ndani ya mfumo wa moshi hayajakamilika, jambo linaloweza kuwa dalili kwamba kumbukumbu za hitilafu zimefutwa siku chache zilizopita.
5. Kuwasha injini ikiwa baridi. Mlio wa tapeti au wa mnyororo wa injini husikika zaidi katika sekunde za kwanza. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto injini kabla ya mnunuzi kufika anaweza kuombwa miadi ya siku nyingine.
6. Kujaribu kila kitu. Hii ni pamoja na magurudumu manne, kiyoyozi cha nyuma, viti vya safu ya tatu, springi za hewa na umeme wa trela. Ndoano ya trela iliyochakaa sana huonyesha kazi ambayo gari limefanya.
7. Kukusanya stakabadhi za huduma. Bila ushahidi wa kubadilisha oili kwa wakati, kampuni ya mkataba inaweza kukataa dai la injini.

## Yaliyomo katika mkataba

Kuna miundo miwili mikuu. Katika muundo wa kwanza, mkataba huorodhesha sehemu zinazolipiwa, na kisichotajwa hakilipwi. Katika wa pili, mkataba huorodhesha sehemu zisizolipiwa, na zilizobaki zote hulipwa. Wa pili huwa mpana na ghali zaidi. Majina ya kibiashara kama "dhahabu" au "platinamu" hayana maana moja kwa kampuni zote, hivyo orodha yenyewe ndiyo ya kusomwa.

Mambo yanayoamua thamani ya mkataba ni haya:

* Nani analipa. Mhusika anaweza kuwa mtengenezaji, muuzaji, au kampuni ya tatu. Mkataba mzuri hutaja pia kampuni ya bima itakayolipa ikiwa mhusika atafilisika.
* Muda huanza lini. Mkataba wa "miaka 7 au maili 100,000" unaweza kuhesabiwa tangu gari likiwa jipya. Kwa gari la miaka 5 lililotembea maili 80,000, kinachonunuliwa kwa kweli ni miaka 2 au maili 20,000, kikomo kitakachofikiwa kwanza. Baadhi ya mikataba huwa pia na muda wa kusubiri, kwa mfano siku 30 na maili 1,000.
* Mchango wa mwenye gari. Kiasi hiki hulipwa kwa kila ziara ya gereji au kwa kila sehemu iliyoharibika. Ikiwa ni dola 100 na sehemu tatu zimeharibika kwa pamoja, mwenye gari atalipa dola 100 katika aina ya kwanza na dola 300 katika ya pili.
* Ruhusa kabla ya kazi. Kampuni nyingi hukataa kulipa kama fundi alianza kazi bila idhini yao. Injini ikihitaji kufunguliwa ili kujua tatizo, mara nyingi mwenye gari hubeba gharama ya kuifungua endapo dai litakataliwa.
* Ukomo wa malipo. Mkataba unaweza kuweka kiwango cha juu cha ufundi kwa saa, kuruhusu vipuri vilivyotumika, au kuweka jumla ya malipo isiyozidi thamani ya gari.
* Madhara ya mfuatano. Rejeta ikivuja na injini ikaungua kwa joto, kampuni inaweza kudai kwamba dereva aliendelea kuendesha bila kujali taa ya tahadhari.
* Vitu vya kuchakaa. Pedi za breki, matairi, betri, oili na vichujio kwa kawaida havimo.
* Kuvunja au kuhamisha mkataba. Mikataba mingi huruhusu kurudishiwa fedha zote katika wiki za mwanzo kama hakuna dai, na baadaye sehemu inayolingana na muda uliobaki. Gari likiuzwa, baadhi huweza kuhamishiwa kwa mmiliki mpya.

## Kupima faida na gharama

Kampuni inayouza mikataba hulazimika kukusanya fedha nyingi kuliko inazolipa, kwa kuwa bei hubeba pia kamisheni ya muuzaji, uendeshaji na faida. Kwa hiyo mnunuzi wa wastani hulipa zaidi ya anachorudishiwa. Uchunguzi wa Consumer Reports uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 55 ya wamiliki waliokuwa na dhamana ya ziada hawakuwahi kuitumia kwa matengenezo yoyote.

Hilo halimaanishi kwamba mkataba haufai kwa kila mtu. Kama bima nyingine, faida yake ni kubadilisha hatari ya hasara kubwa kuwa malipo yanayojulikana. Mtu mwenye akiba ya kulipia giaboksi bila kukopa hana haja kubwa ya kinga hiyo. Mtu ambaye bila gari hawezi kufika kazini, na ambaye hawezi kupata maelfu ya dola kwa mara moja, anaweza kuona kuwa malipo hayo yana maana, mradi mkataba ni wa kuaminika.

Namna ya kulipa hubadilisha hesabu. Tuseme mkataba una bei ya dola 3,600 na umeingizwa katika mkopo wa gari wa miezi 60 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Malipo huongezeka kwa karibu dola 75 kwa mwezi, na jumla hufikia karibu dola 4,480. Muuzaji anayetaja dola 75 tu hajasema uongo, lakini hajataja gharama kamili. Fedha hizohizo zikiwekwa benki kila mwezi zingekuwa dola 4,500 baada ya miaka 5, na kama gari halikuharibika zingebaki kwa mwenyewe. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba hitilafu inaweza kutokea mwezi wa nne, akiba ikiwa dola 300 tu.

Bei ya mkataba pia hujadiliwa. Mkataba uleule wa mtengenezaji unaweza kuuzwa kwa bei tofauti na mawakala wawili, na mnunuzi halazimiki kuamua siku ileile anapotia saini ya gari. Gari likiwa bado na dhamana ya kiwandani, anaweza kusubiri, ingawa bei huweza kupanda kadiri gari linavyozeeka.

## Udanganyifu

Biashara hii imekuwa na kashfa kubwa. Kampuni ya US Fidelis ya jimbo la Missouri, iliyouza mikataba kwa simu na barua kote nchini, iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2010. Waanzilishi wake wawili, ambao ni ndugu, walikiri makosa ya jinai na kufungwa. Wateja wengi walikuwa wameamini kwamba waliopiga simu walitoka kwa watengenezaji wa magari yao.

Mwaka 2023 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano (FCC) ilitangaza faini ya karibu dola milioni 300 dhidi ya mtandao uliopiga simu za kurekodiwa zaidi ya bilioni 5 katika miezi mitatu ya mwaka 2021, nyingi zikihusu dhamana za magari. Mwaka 2024 kampuni ya CarShield pamoja na msimamizi wa mikataba yake zilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza mashtaka ya FTC kwamba matangazo yao yalipotosha wateja kuhusu matengenezo yanayolipiwa.

Dalili za kawaida za udanganyifu ni barua yenye maneno kama "taarifa ya mwisho", simu inayodai kuwa dhamana inakwisha leo, kuombwa namba ya kadi ya benki kabla ya kuona mkataba, na kukataa kutuma nakala ya masharti.

## Nje ya Marekani

Dhamana nyingi huwa na mipaka ya kijiografia. Ile ya General Motors kwa magari yaliyouzwa Marekani, kwa mfano, ni kwa magari yanayotumika Marekani na Kanada. Katika Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako SUV kubwa za Kimarekani hupendwa, wanunuzi hutofautisha gari la vipimo vya Ghuba na lile lililoagizwa limetumika kutoka Marekani. La pili mara nyingi ni rahisi zaidi, lakini huenda lilinunuliwa mnadani baada ya ajali, na mnunuzi hawezi kutegemea wakala wa eneo hilo kulipokea kwa dhamana.

Katika Kenya, Tanzania na Uganda magari huendeshwa upande wa kushoto, na SUV kubwa zilizotumika, kama Toyota Land Cruiser, hutoka zaidi Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari ya miaka 15 au zaidi mwaka 2018. Magari hayo kwa kawaida hufika bila dhamana ya kiwandani. Baadhi ya wauzaji wa yadi huahidi dhamana ya miezi michache kwa injini na giaboksi. Ahadi hiyo hutoka kwa muuzaji mwenyewe, si kwa mtengenezaji, na ni rahisi zaidi kuidai ikiwa imeandikwa, imetiwa saini na inataja sehemu zinazohusika, muda, na gereji itakayofanya kazi. Ukaguzi wa kabla ya kusafirisha huthibitisha kwamba gari lilifaa kwa barabara siku lilipokaguliwa. Hauahidi kwamba litaendelea kufaa.

## Tazama pia

* Bima
* Chesisi
* Giaboksi
* Haki za mlaji
* Toyota Land Cruiser